Mdomo wa Kemilembe

Kitambaa chekundu kilipotundikwa kwenye mlango wa chumba cha katikati, Rachel aliondoa mguu kwenye pedali ya cherehani. Ndiyo ilikuwa sheria ya nyumba. Kitambaa kikitundikwa, mume wake anarekodi, na akirekodi hakuna kushona, hakuna kukohoa, hakuna kusogeza sufuria. Jogoo wa jirani akipitiwa na kuwika, ameshatafuta jiwe la mgongoni. Sare ya mtoto wa shule ilibaki chini ya sindano ikiwa na mkono mmoja.

Gosbert Rwehumbiza alikuwa mtafsiri wa muvi, na mtaa mzima wa Pasiansi ulimwita DJ Gosi. Alijifungia kwenye chumba chenye magodoro ukutani, akasoma maandishi ya Kiingereza yanayopita chini ya picha na kuyasema kwa Kiswahili, akiwa yeye ndiye jambazi, yeye polisi, yeye mganga na yeye maiti anayeaga dunia. Kiingereza kilipompiga chenga alijaza ya kwake, na wateja walikubaliana kwamba ya kwake ndiyo yalikuwa matamu. Kitu kimoja tu hakukifanya kamwe: kunyamaza. Mtafsiri akinyamaza sekunde kumi, mteja anadhani flashi imeharibika.

Safari hii alikuwa na katuni ya Kijapani ambayo watafsiri wenzake wa Dar es Salaam walikuwa wameikataa. Walisema haina ngumi. Mtunzi wake, mzee mmoja ambaye bila shaka alikuwa na mambo yake kichwani, alikuwa amejenga mji mzima ndani ya birika. Watu wa mji huo walitembea wakiwa wamelowa, wakapanda treni iliyoendeshwa na kitunguu, wakafanya mikutano juu ya kijiko. Katikati ya vita picha iliweza kuondoka vitani na kwenda kuangalia soksi inayokauka kwenye kamba, dakika nzima, hakuna anayesema lolote. Mlinzi wa kifuniko cha birika alikuwa mwanamume mwenye taa ya kandili mahali pa kichwa. Alikuwa na binti mmoja. Binti alitoka nje kwa ubishi, baba akafunga kifuniko, na sehemu zote kumi na moja zilikuwa safari ya msichana huyo akizunguka nje ya birika, kwenye jiko kubwa kama nchi.

Mzee wa Kijapani alikuwa amempa binti huyo jina la kwao. Gosbert alilifuta, akamwita Kemilembe.

Rachel alisogea karibu na ukuta. Alisikia sauti nyembamba, imebanwa puani, ya mwanamume wa miaka hamsini na mbili anayejifanya msichana.

"Baba, nimekusamehe," sauti ilisema. "Hukukosea kitu, baba yangu. Mimi ndiye niliyekuwa na kichwa kigumu. Nifungulie, nirudi nyumbani."

Rachel akaketi chini kwenye vipande vya vitambaa. Kemilembe lilikuwa jina la binti yao Sharon, jina alilopewa na bibi yake kule Muleba, na Sharon hakuwa amesamehe mtu yeyote.

Mchana walikula ndizi. Gosbert alikuwa amemaliza maneno yote chumbani, na mezani hakubakiza hata moja. Rachel alimwuliza kama aongeze mchuzi. Akatikisa kichwa. Alimwuliza kama ile sehemu ya kumi imekwisha. Akaitikia kwa kichwa, akanawa, akarudi kwenye magodoro yake. Watu humwonea wivu mwanamke aliyeolewa na mtu mchangamfu. Hawajui uchangamfu huwa unaishia wapi.

&nbsp;

Sehemu ya kumi ilipotoka, haikupita wiki. Wilhelmina, mama wa watoto wanne wa shule ya msingi, alifika kuchukua sare, na kabla hajakaa vizuri alikuwa anacheka kwa furaha.

"Mama Sharon, hongera! Kwa hiyo mtoto amerudi?"

"Mtoto gani?"

"Sharon bwana! Kwani si amemsamehe baba yake? Tumesikia kwa Ndalahwa pale kwenye kibanda cha muvi, watu wamelia hadi basi. Mimi nikasema, jamani, hayo siyo ya katuni, hayo ni ya nyumbani kwa DJ."

"Ni katuni tu," Rachel alisema, akikunja sketi ambayo ilikuwa imeshakunjwa.

"Haya. Lakini mle ndani kuna mahali Kemilembe anasema mama yake anashona hadi miguu inavimba." Wilhelmina aliinama kidogo, akaangalia chini ya meza. "Pole na miguu, mwaya."

Rachel aliivuta miguu nyuma ya cherehani. Alicheka, kwa kuwa hakuwa na kitu kingine cha kufanya mbele ya mteja. Wilhelmina alipoondoka, alikaa muda mrefu akiwa na sindano mkononi, na aibu ikampanda hadi masikioni. Mume wake hakuwa amemwuliza habari ya miguu hiyo hata siku moja. Kumbe aliiona. Aliiona, akaenda kuisimulia Mwanza nzima kwa sauti ya puani.

Sharon alipiga simu siku hiyo hiyo saa kumi. Rachel alitoka nayo nje, akazunguka nyuma ya jabali kubwa lililoegemea ukuta wa choo, mahali alipozoea kuzungumza na mwanawe. Tangu msichana aondoke na begi lake kupanda meli ya kwenda Nansio, kisiwani, miaka miwili iliyopita, sauti yake haikuwahi kuingia tena katika nyumba ile.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Habari za Nansio?"

"Mama, mwambie baba aache."

Rachel hakujifanya kutoelewa.

"Huku wanaangalia," Sharon alisema. "Hapa kwenye duka la kopi bosi wangu anaweka kwenye televisheni wateja wakisubiri. Nimesimama na karatasi za watu mkononi, nasikia Kemilembe anasema amesamehe. Anasema yeye ndiye mkosaji! Mama, nilikosa nini?"

"Hukukosa."

"Nilianza kumtilia sauti za wanawake nikiwa na miaka kumi na moja. Mabibi, malkia, wachawi, wote mimi. Nikaomba jina langu litajwe mwanzoni, baada ya lake. Baada ya lake, mama, siyo kabla. Akanijibu mbele ya watu wote kwa Ndalahwa. Unakumbuka alivyosema?"

Rachel alikumbuka. Alikuwepo. Wewe ni maiki tu, na maiki haiombi jina. Watu walicheka, kwa kuwa DJ Gosi akisema kitu watu hucheka.

"Alinifukuza bila kunigusa," Sharon aliendelea. Sauti ilikuwa imetulia sasa, na utulivu huo ulimtisha mama yake kuliko kilio. "Nimeondoka, amebaki na mdomo wangu. Mwambie hivi: akiniwekea neno jingine mdomoni, hata moja, hata zuri, mimi nabadilisha namba. Na wewe utanipoteza, mama, na sitaki, lakini nitafanya."

&nbsp;

Rachel alisubiri ugali uive ndipo aseme. Akasema yote, bila kupunguza. Gosbert alisikiliza akiwa amekazia macho mboga.

"Ni katuni," alisema mwishowe.

"Umempa jina la mtoto."

"Majina yako mengi duniani."

"Na miguu yangu?"

Kabla hajapata jibu, mlangoni palibishwa hodi. Alikuwa Alexander, mwenye biashara, yule aliyeleta muvi na kuzisambaza kwenye maduka kuanzia Mwanza hadi visiwani. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, mwenye viatu vyeupe na heshima ya haraka haraka.

"Shikamoo mzee, shikamoo mama. Sikai. Mzee, sehemu ya mwisho hiyo hapa." Aliweka flashi juu ya meza, karibu na bakuli la mchuzi. "Nimeangalia. Baba na binti wanakutana kwenye kifuniko. Mzee wangu, pale nataka wilaya nzima ilie. Ile samahani ya sehemu ya kumi, nipe mara tano yake. Jumapili saa tisa Ndalahwa anaonyesha kwa mara ya kwanza, na sizoni ya pili ya huyu Mjapani nimeshaipata. Ukiliza watu, hiyo ni yako tena. Usipoliza, kuna kijana wa Igoma ananiomba kazi kila siku."

"Usijali," Gosbert alisema.

"Sijali, mzee. DJ Gosi hanyamazi."

Alexander alipoondoka, Gosbert aliichukua flashi na kwenda chumbani. Rachel alimfuata na kusimama mlangoni, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa muda mrefu. Waliangalia pamoja. Kifuniko cha birika kiliinuka kidogo, mvuke ukatoka, na mwanamume mwenye kichwa cha kandili alisimama mbele ya binti yake aliyejaa masizi. Baba alisema maneno machache. Maandishi yalipita chini. Kisha picha ilimsogelea msichana na kubaki usoni mwake, na mdomo wake ukaanza kwenda.

Hakukuwa na maandishi. Hakukuwa na sauti pia, isipokuwa maji yakichemka. Msichana alizungumza na kuzungumza, akafuta pua, akazungumza tena, na mzee wa Kijapani hakumsikilizisha mtu hata neno moja. Ilichukua dakika moja na sekunde arobaini.

"Amesema nini?" Rachel aliuliza.

"Hajaandika."

"Kwa nini?"

"Ndivyo alivyo huyu mzee. Ana vituko." Gosbert alirudisha picha nyuma, mdomo ukaenda tena. Macho yake yaling'aa. "Kwa hiyo anaweza kusema chochote."

&nbsp;

Ijumaa asubuhi kitambaa chekundu kilitundikwa.

Rachel alikiangalia. Kisha alishusha sindano kwenye kola ya shati la shule na kukanyaga pedali. Cherehani ililia nyumba nzima. Alishona kola ile, akashona inayofuata, akashona hata mahali ambapo hapakuhitaji kushonwa.

Mlango ulifunguliwa. Gosbert alitokeza kichwa, vifaa vya kusikilizia vikiwa vinaning'inia shingoni.

"Mama Sharon, nimetundika."

"Nimekiona."

"Sasa?"

"Sasa nashona."

Alisimama pale kama mtu aliyeambiwa maji ya ziwa yameisha. Rachel hakuacha kukanyaga, kwa hiyo ilimbidi apaze sauti, na yeye pia akapaza, wakawa wanagombana kwa kelele kama wauza samaki wa soko la mwaloni, watu wawili ambao kwa miaka miwili walikuwa wameambiana habari za mchuzi peke yake.

"Utamsemesha nini?" Rachel alipiga kelele.

"Kitu kizuri!"

"Amesema hata kizuri hataki!"

"Unataka nifanye nini? Watu wamelipa wasikilize!"

"Baba Sharon, mimi pia niko humu ndani! Unakaa mle na kumwongelesha mtoto wa picha, unajiuliza mwenyewe, unajijibu mwenyewe, unajisamehe mwenyewe, unatoka umeshiba. Mimi natoka na nini? Hujaniuliza hata kama nimelala. Na huyu mmoja niliyebaki naye, wa kuniuliza kwenye simu, nyuma ya choo, na huyo unataka kuniondolea?"

Mguu wake ulisimama wenyewe. Gosbert alikaa kwenye kiti cha wateja, juu ya sare zilizopigwa pasi, na Rachel hakumkemea.

"Nimejaribu kumpigia," alisema. Haikuwa sauti ya DJ, na wala haikuwa nzuri. Ilikuwa na mkwaruzo. "Mara nyingi. Nashika simu, nafungua mdomo, inatoka ile nyingine. Ile ya kuchekesha. Nasikia nitamchekesha, nakata kabla haijaita."

"Basi mwache yeye aseme."

"Hayupo."

"Ndiyo," Rachel alisema. "Hayupo."

Gosbert aliinuka, akaliangalia shati alilolikalia, akajaribu kulinyoosha kwa kiganja na kulikunja zaidi. Akarudi chumbani. Rachel alisubiri asikie ile sauti ya puani, na hadi adhuhuri hakuisikia.

&nbsp;

Alexander hakuiangalia kazi. Alichukua flashi Jumamosi asubuhi, mchana akaisambaza madukani, jioni ikapanda meli. Mtu anayemwamini fundi wake hahesabu vifungo.

Jumapili saa tisa kibanda cha Ndalahwa kilijaa watu waliotoka kanisani wakiwa bado na nguo zao za Jumapili. Ndalahwa mwenyewe, Msukuma mnene mwenye sauti ya upole, alimpa Rachel kiti cha plastiki mbele. "Karibu mayu, mama yetu, leo ni siku yenu." Gosbert alikataa kukaa. Alisimama nyuma kabisa, karibu na mlango.

Mwanzoni watu walifurahi. Kitunguu kilipoendesha treni kikilalamikia trafiki wa Nyakato, waliangua kicheko. Soksi ilipokauka, DJ Gosi aliisemea habari za bei ya sabuni hadi ikakauka. Kisha kifuniko kiliinuka, na kibanda kizima kikasogea mbele.

Kandili alifungua mdomo. Sauti iliyotoka haikuwa ya kandili. Ilikuwa na mkwaruzo, na maneno yalikuja kwa shida, nje ya picha, mdomo wa kandili ukiwa umeshafungwa.

"Kemilembe. Nilikuita maiki. Niliyasema mbele ya watu, kwa hiyo nayasema mbele ya watu: nilikosea. Kazi ilikuwa yetu wawili, nikaila peke yangu. Sikuombi urudi. Sikuombi unijibu vizuri. Sema la kwako."

Picha ilimsogelea msichana. Mdomo wake ukaanza kwenda, na hakuna kilichosikika isipokuwa maji yakichemka.

Sekunde tano watu walivumilia. Kisha mmoja akasema, "Sauti!" Mwingine akapiga mluzi. "Ndalahwa, spika!" Ndalahwa alikimbilia nyaya, akazitikisa, akaongeza sauti hadi maji yakanguruma. Msichana alizungumza, akafuta pua, akazungumza. "Hii flashi mbovu!" "Rudisha hela zetu!" Wilhelmina aligeuka nyuma, akamwona Gosbert, akapiga kelele kwa uchungu wa kweli: "DJ, si useme tu hapo hapo ulipo! Amesamehe au hajasamehe?"

Watu wote wakageuka. Gosbert alisimama na mikono yake miwili mirefu, akiwa na sauti zote za dunia kooni, na hakusema. Mtu mmoja alimrushia ganda la karanga. Likampata shavuni, naye hakulifuta. Rachel alitamani kuinuka aende akasimame naye, na miguu yake ikakataa. Hilo alikuja kulijutia siku nyingi.

Alexander alimkuta nje. Shikamoo alisahau.

"Umeniharibia visiwa vyote. Ingiza sauti leo, nitume upya."

"Hapana."

"Basi kijana wa Igoma ataingiza."

"Ataingiza kwenye zako. Hizo zilizoondoka Jumamosi zimeondoka."

Sizoni ya pili ikaenda Igoma.

&nbsp;

Jumatatu ilipita. Jumanne ikapita, na namba ya Sharon haikuita. Rachel aliijaribu mara moja, ikawa haipatikani, akaogopa kuijaribu tena. Gosbert alikaa uani kwenye ndoo iliyopinduliwa. Kitambaa chekundu kilikuwa mfukoni mwake, na alikitumia kupengea kamasi. Wakati mmoja alimwuliza mke wake, "Miguu inaendeleaje?" Rachel alijibu kwamba ni hivyo hivyo. Yalikuwa mazungumzo yao ya siku ile.

Alhamisi saa tano asubuhi simu iliita juu ya meza ya cherehani. Rachel alitaka kutoka nayo nyuma ya jabali kama kawaida. Alifika mlangoni, akamwona mume wake kwenye ndoo, akarudi. Akaiweka mezani, akabonyeza spika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Uani, Gosbert aliinuka. Alikuja hadi kizingitini, akasimama hapo.

"Samahani, nilikuwa nimezima," Sharon alisema. "Ile sehemu ya mwisho. Hapa wanasema flashi imeharibika."

"Haijaharibika."

"Umeme ulikatika akirekodi?"

"Haukukatika. Amekuachia."

"Ni ndefu," Sharon alisema.

"Dakika moja na sekunde arobaini."

"Najua. Nimeirudia mara nne." Akapumua. "Yupo hapo?"

"Yupo."

"Anasikiliza?"

"Anasikiliza."

"Asiseme kitu, mama. Nikisikia ile sauti yake nitakata."

Gosbert aliweka kiganja mdomoni. Kutoka upande wa Nansio walisikia mlango, kisha mzee mmoja akiomba kutolewa kopi ya cheti cha kuzaliwa. Sharon hakukata simu. Aliiweka chini mahali fulani, karibu na mashine, na wakamsikia anafanya kazi. "Kopi ngapi, mzee? Mbili? Na nyuma pia nitoe? Subiri ipate moto kidogo." Ilikuwa sauti iliyowahi kuwa mabibi na malkia na wachawi wote wa nyumba ile, na sasa ilikuwa ya dada wa kopi, imechoka kidogo, yake mwenyewe. Mzee alisema ahsante. Akaja mwingine na barua ya kanisa.

Rachel aliondoa mguu kwenye pedali. Gosbert alikaa chini pale pale kizingitini, kiganja kikiwa bado mdomoni. Nyumba nzima ikanyamaza, na safari hii hakuna aliyetundika kitambaa.